Hakuna Aliyemuuliza Bwana Harusi

Nimesikia baadhi yenu mmepewa kazi ya kufundisha watu wazima, na kwamba mmeshaanza kulalamika. Mnasema wanachelewa, wanasinzia, wanatoka nje kupokea simu. Wanangu, mimi nilifundisha ngumbaru huku Eastlands, Nairobi, tangu nikiwa msichana wa viatu vya kisigino hadi nikawa bibi wa kuvaa raba, na sijawahi kumwona mwanafunzi mzima akisinzia bila sababu. Mara nyingi sababu ni mwalimu.

Msikasirike. Mnanijua, sikujaliwa ulimi wa asali. Marehemu mama yangu, aliyenilea Pumwani kwa mahamri na bakora, alikuwa akisema nikifa nitazikwa siku moja na ulimi wangu utazikwa siku ya pili, maana utakuwa bado unajibu watu. Basi vumilieni, nina jambo la kuwaambia kuhusu kazi hii, na nitalifikia kwa njia yangu.

Kitabu cha kwanza nilichopewa kilikuwa kizuri sana kwa mtu wa shamba. Somo la kwanza lilihusu kuchimba choo. Somo la pili, kupanda maharagwe kwa mistari. Darasa langu lilikuwa katika ukumbi wa Kaloleni, na wengi wa wanafunzi wangu walikaa katika nyumba za baraza la jiji, choo ni cha kushirikiana, na hakuna aliyeruhusiwa kuchimba hata shimo la kuzikia paka. Mzee Mutiso, bawabu wa kiwanda cha sabuni, alihangaika na neno "jembe" mpaka jasho likamtoka. Alipolipata akaniangalia kwa uchungu.

"Mwalimu, hii jembe mimi niliikimbia huko Ukambani. Imenifuata mpaka hapa?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka. Wiki iliyofuata nusu yao hawakuja.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Kasimu, mzee aliyenitangulia kazini, mwembamba, mpenda kahawa chungu, mtu wa kusema maneno machache kisha akuache uhangaike nayo. Aliniambia, "Zuhura, mtu mzima humwambii soma. Mpe jambo la kubishania. Atasoma mwenyewe akitafuta ushahidi." Akanifundisha kuandika hadithi za kale kwa herufi kubwa juu ya karatasi za kaki na kuzibandika ukutani: wafalme, malkia, mabinti wa masultani, mashujaa waliotaka hiki wakalazimishwa kile. Alisema ukizichunguza hadithi kubwa za dunia, na historia yenyewe, karibu zote ni za mtu mmoja anayetaka jambo na watu wengi ambao hawataki alipate.

Nikachagua ya kwanza kwa moyo wangu. Ilikuwa ya mwana wa mfalme aliyeacha kiti cha enzi ili amwoe binti wa mfinyanzi. Nilikuwa kijana, nimeachika karibuni, na bado nilikuwa nayapenda mapenzi kuliko yalivyonipenda. Nikaisoma kwa sauti ya kutetemeka nikingoja watu watoe leso wafute machozi.

Bi Rukia, muuza mahamri, akadakia. "Huyo kijana ni mjinga."

"Kwa nini, Bi Rukia?"

"Mamake kamwachia nani? Na huyo msichana wa vyungu, kuna mtu kamuuliza kama yuko tayari kukaa na mwanamume asiyejua hata kuteka maji? Siku ya tatu tu atamtuma, 'leta hiki, leta kile.' Mapenzi yatakwisha ndoo ya pili."

Wanawake wote wakamuunga mkono. Mimi nikapandwa na hasira nikamtetea yule kijana peke yangu, mwalimu mzima, mate yananiruka. Na katikati ya fujo ile nikamwona Mzee Mutiso amesimama ukutani, kidole juu ya maneno, midomo inacheza. Alikuwa akitafuta mahali palipoandikwa kwamba mwana wa mfalme alikuwa na ndugu wa kumtunza mama. Yule aliyeshindwa na jembe! Akapaona, akageuka, akapiga kelele, "Iko! Iko hapa! Ndugu yake alibaki!" Tangu siku hiyo kitabu cha choo nilikishika tu mkaguzi alipokuja.

Sasa shikeni haya, ni ya kazi. Mchezo wetu tuliuita baraza. Kila mtu alipewa mtu mmoja wa kwenye hadithi, na lazima aseme "mimi", si "yeye". Tena nilimpa kila mmoja upande asioupenda. Mama mkwe mkali nilimpa binti anayetoroka. Baba aliyewafungia mabinti zake ndani nilimpa kijana anayemwita binti chini ya dirisha. Mtu akisoma kwa hasira msimsahihishe herufi, hasira itambeba mpaka mwisho wa mstari, kisha ndipo mrudi nyuma pamoja naye taratibu. Na msimkalishe mume na mke benchi moja. Nilijaribu mara moja, tukaongozwa na ugomvi wa nyumbani kwao jioni nzima, na malkia wa kwenye hadithi akasahaulika.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya binti wa mfalme aliyekuwa fundi wa kufuma. Hakutaka kuolewa na mtu yeyote, alitaka kubaki kwao na kitanda chake cha kufumia. Lakini kulikuwa na vita, na wazee wa mji wakaamua aozwe kwa mfalme wa ng'ambo ya mto ili watu wapatane. Binti, wazee, mama yake, mjakazi, wote walikuwa na maneno mengi. Bwana harusi peke yake, katika hadithi ile, hasemi neno. Anafika, anachukua mke, anaondoka. Kwa hiyo kwenye baraza letu tulimwekea kiti kitupu. Tuliifanya hadithi ile miaka na miaka, na kiti kikabaki kitupu, wala sikuwahi kulifikiria jambo hilo.

Ndipo akaja Akoth.

Wengi walimwita Mama Beti, kwa jina la bintiye mkubwa. Aliuza samaki sokoni, na mumewe alikuwa fundi katika karakana ya reli. Akoth alianza ngumbaru mumewe akiwa hai, kwa sababu alichoka kusomewa kila kitu na watoto wake. Kisha mume akafa ghafula, wakaenda kumzika kwao Nyanza, na aliporudi alikuja darasani moja kwa moja na penseli yake, macho mekundu. Nilimpenda tangu hapo.

Baada ya matanga kwisha, akatuambia yaliyomkuta. Kwa mila ya Wajaluo, mjane hakai hivi hivi, hukabidhiwa kwa ndugu wa marehemu. Wazee wa ukoo walioko Nairobi walikuwa wameshakata shauri: atarithiwa na Ouma, mdogo wa marehemu, aliyeishi mtaa wa Huruma na mkewe na watoto wake. Akikataa, basi arudi shamba na watoto, na biashara ya samaki na masomo yaishie hapo. Mkutano wa mwisho ungekuwa Jumapili ile iliyokuwa inakuja, katika ukumbi wetu huu huu, kwa maana watu wa kila ukoo walikuwa wakikutana hapo Jumapili.

"Na wewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Mwalimu, mimi nilikuwa na bwana. Nilimpenda. Imetosha." Akachonga penseli yake. "Nataka kukaa hapa na watoto wangu, niuze samaki, nisome. Lakini Ouma amenyamaza tu, anangoja siku ifike. Mwanaume akinyamaza hivyo ujue anataka."

Nikamchukia huyo Ouma bila hata kumjua uso. Kichwani mwangu alikuwa fisi mwenye masharubu anayengoja mzoga. Nilimlaani nikipika, nikamlaani nikifua. Nikifikia kumchukia mtu huwa sina kipimo.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, mvua kubwa ilinyesha jioni, na ukumbi ukajaa. Hata wale watoro walikuja, nadhani kwa sababu paa letu lilikuwa zima kuliko mapaa yao. Tulikuwa katika hadithi ya binti mfumaji. Kwa sheria yetu ya kumpa mtu upande asioupenda, Akoth nilimpa mzee wa mji, yule anayeshikilia ndoa ifungwe. Alikataa kwanza, halafu akafunga leso yake begani kama mgolole, akaweka mkono mmoja nyuma, akakohoa kizee. Watu walicheka sana.

Mlango ukafunguka, akaingia mwanamume aliyelowa, ovaroli la buluu lina madoa ya grisi. Akoth akaganda.

"Nimekuja kuchukua Mama Beti," akasema. "Mimi ni shemeji yake, Ouma. Wazee wamenituma. Wanasema hii shule ndiyo inamharibu kichwa."

Hakuwa na masharubu. Nilivunjika moyo kidogo.

"Karibu," nikamwambia. "Hapa mgeni hasimami mlangoni. Kaa, tukimaliza mtaondoka pamoja."

Akatazama huku na huku. Mabenchi yalikuwa yamejaa, watu wamebanana bega kwa bega. Palikuwa na kiti kimoja tu mbele ya watu wote. Akakaa.

Mzee Mutiso akafurahi kama mtu aliyeokota pesa. "Bwana, hiyo ni kiti ya bwana harusi. Ukikaa hapo lazima useme. Ndiyo sheria ya hapa."

"Niseme nini?"

"Unachotaka," nikasema. "Wewe ni mfalme wa ng'ambo, unaletewa mke ili vita viishe. Lakini sema 'mimi'."

Ouma akacheka kwa haya. Nilidhani Akoth atakimbia. Hakukimbia. Akasogea mbele na mgolole wake, akamwelekezea shemeji yake kidole.

"Wewe mfalme! Sisi wazee tumeamua. Utaoa binti yetu. Mji ni mkubwa kuliko moyo wa mtu mmoja."

"Mimi..." Ouma akajipangusa maji ya mvua usoni. "Mimi hakuna mtu ameniuliza."

"Tunakuuliza sasa. Binti yetu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro."

"Ni mvivu?"

"Huyu? Huyu anaamka jogoo hajawika kwenda kuchukua samaki."

"Ala! Binti wa mfalme anauza samaki?" akauliza Bi Rukia.

"Nyamaza wewe, wacha aseme!" akafoka Mutiso.

Akoth hakuushusha mkono. "Basi kama hana kasoro, kwa nini humtaki?"

Ouma akavua kofia yake. Alianza kuongea akiitazama ile kofia, si sisi.

"Nilipokuja Nairobi nilikuwa kijana mdogo. Ndugu yangu akanipa pahali ya kulala kwa sakafu, na huyu akanipa sahani. Nikapata malaria, ni yeye alikaa na mimi. Hakuna siku alinihesabia chakula. Mimi namwona kama mama. Sasa wazee wananiambia nilale kwa kitanda ya ndugu yangu. Bibi yangu huko Huruma haniongeleshi tangu matanga. Chakula haipiti. Na nikisema sitaki, watasema nilikula ugali yake nikiwa na shida, sasa yeye ako na shida nimemtupa." Akainua uso. "Naogopa, mwalimu. Mimi ni mfalme gani?"

Akoth bado alikuwa na mkono mmoja nyuma, lakini sauti iliyomtoka haikuwa ya mzee wa mji tena.

"Kumbe na wewe?"

"Na mimi."

"Mimi nilifikiri ni wewe unataka."

"Mimi nilifikiri ni wewe unangoja."

Akoth akajifunika uso kwa leso, na kwa muda hatukujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. Bi Rukia yeye alilia waziwazi, akipangusa pua kwa kitambaa cha kufunikia mahamri, na siku hiyo sikununua. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa jukwaa nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi mzigo wa Ouma nilikuwa nimeuona usufi mtupu. Kumbukeni, nilikuwa nikiwafundisha watu kusikiliza.

Lakini watu wawili kupatana darasani si kupatana na ukoo. Walipokuwa wakitoka, Ouma aliniomba nikamsemee Jumapili. Nikakataa. Nani angemsikiliza mwanamke wa Pumwani aliyeachika, aje kuwafundisha Wajaluo sheria zao? Nikamwambia, "Useme mwenyewe. Anza na 'mimi', kama ulivyofanya leo. Mengine yatakuja."

Jumapili mimi na Bi Rukia tulijipa kazi ya kuwapikia chai katika chumba cha nyuma ya ukumbi. Hakuna aliyetuomba. Mlango tuliuacha wazi kidogo ili moshi utoke, tulisema, ingawa jiko lilikuwa la mafuta taa. Walizungumza Kijaluo, kwa hiyo haya ninawaandikia kama Akoth alivyonitafsiria baadaye.

Aliyeongoza alikuwa Mzee Ogutu, mwenyekiti wao, mtu wa fimbo na miwani. Nilikuwa nimemwandalia chuki yake pia. Lakini alisema, "Mjane si gunia la mahindi tugawane. Tunaogopa. Mlango usio na mwenyewe, kila mbwa huuingia. Kesho watoto wa ndugu yetu wakipigwa barabarani, wataita nani?" Alikuwa akimpenda yule marehemu, na hakujua njia nyingine ya kumwonyesha.

Kisha Ouma akasimama. Tuliona mgongo wake tu, na mishipa ya shingo inavyocheza. Alisema kwa muda mrefu. Alipomaliza, ukumbi mzima ulinyamaza.

"Wamemuua?" akanong'ona Bi Rukia.

"Nyamaza, sukari inamwagika."

Akoth naye akasimama, akasema machache. Ndipo Mzee Ogutu akaanza kumuuliza Ouma, pole pole.

"Watoto wakikosa karo utawaacha?"

"Siwaachi."

"Akitukanwa?"

"Aliyemtukana amenitukana."

"Siku ukipita Kaloleni, utapita mlangoni kwake kama mgeni?"

"Nitaingia nile."

Mzee akageukia wenzake, wakasemezana, vichwa vimekaribiana. Kisha akasema, "Basi lete koti lako."

Sikuwa nimewahi kusikia jambo hilo. Kumbe kwao, mwanamume asipoweza kuwa mume wa mjane, kwa uzee au kwa sababu nyingine ambayo wazee wameikubali, koti lake hupelekwa likatundikwa nyumbani kwa mjane, likalala humo, na mlango ukahesabiwa una mwenyewe. Mila imetimia, na hakuna aliyelala na mtu. Nilipomsimulia Mwalimu Kasimu alicheka hadi kahawa ikammwagikia kanzu. "Unaona, Zuhura? Mila ni nyumba ya wazee, haikosi mlango wa uani. Lakini hawatakuonyesha mpaka uwaambie umeshikwa ndani."

Nimelifikiria sana neno lake. Wale mabinti na wana wa wafalme tuliowasoma, wengi walitoroka au walikufa, na sisi tukawaita mashujaa. Huenda kulikuwa na wazee ambao wangesema, "lete koti," kama kuna mtu angekaa kwenye kile kiti akasema ukweli. Kwa hiyo mkisoma na watu wenu hadithi ya kale, au mkiwasomesha historia, mtafuteni yule asiyesema neno. Mpeni kiti, na mpeni mtu wa kukikalia.

Ouma alikuwa na koti moja tu, zito, la kahawia, la mtumba wa soko la Gikomba. Likatundikwa kwa msumari chumbani kwa Akoth. Ouma mwenyewe akajiunga na darasa letu, akawa mkaidi kuliko Mutiso katika kubisha. Mkewe wa Huruma akaanza tena kumsemesha. Alianza kwa kumtusi, lakini ni mwanzo.

Ukaja mwezi wa saba. Mnaujua mwezi wa saba wa Nairobi, na ukumbi ule una sakafu ya saruji. Tulikuwa tumeshaanza kusoma Akoth alipoingia, amechelewa, amevaa lile koti. Mikono ilimpita vidole, na pindo lilimfika chini ya magoti. Sisi sote tulilijua. Kalamu ya Mutiso ikasimama. Bi Rukia akanitazama, nami nikaogopa kwamba amevunja mila, kwa maana koti lile lilikuwa limetundikwa na wazee, na Ouma alikuwa ameketi pale pale mbele.

Akoth akaona macho yetu.

"Baridi imeniingia, mwalimu," akasema. "Na hii imekaa tu kwa ukuta, haina kazi."

Ouma akainuka. Nilidhani anatoka nje. Akamwendea, akamtazama kuanzia kola mpaka pindo.

"Shemeji," akasema, "funga vifungo. Utashikwa na kifua."

Akoth akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akakaa, akafungua daftari. Mimi nikageukia ubao, nikaandika maneno nisiyoyakumbuka, nikaendelea kuandika mpaka chaki ikaisha, ili wasinione uso.